Doa Jeusi Katika Vumbi la Mirihi

Picha ya kwanza ya Mirihi niliyopewa kazini niliisoma juu chini. Nilikaa nayo asubuhi nzima, nikahesabu vilima, nikavipima upana, nikaviandika vizuri kwenye jedwali, kisha nikamwita mkubwa wangu, Daktari Zaina, nikiwa na tabasamu la mtu aliyemaliza mapema. Akaitazama skrini yangu, akanitazama mimi, akabonyeza kitufe kimoja na picha ikageuka. Vilima vyote vikazama. Kumbe yalikuwa mashimo.

"Mama Nekesa," akasema, "umewahamisha watu wa Mirihi kutoka bondeni ukawapandisha mlimani bila hata kuwaambia."

Nawaandikia hayo mwanzoni, vijana wangu, kwa sababu mwalimu wenu wa fizikia pale Navakholo aliniomba niwaeleze kazi yangu, na niliogopa kwamba mtanidhania mtu wa maajabu. Mimi ni mama wa Shianda niliyestaafu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutazama picha zinazopigwa na vyombo vya angani na kutafuta kreta, yaani mashimo yanayoachwa na mawe ya angani yanapoanguka na kuigonga ardhi. Nilikosea sana. Na hadi leo nikiona picha mpya moyo unanidunda kama wa mtoto siku ya kufunga shule.

Hebu tuanze na lile kosa la juu chini, kwa sababu mnaweza kulijaribu leo mchana. Mkiletewa obusuma, ugali wetu, chukua tonge, ulibonyeze kwa kidole gumba kama unavyofanya siku zote unapotaka kuchota mchuzi. Liweke kwenye sahani karibu na mlango, mahali ambapo mwanga unaingia kutoka upande mmoja tu. Chungulia ndani ya kile kishimo. Kivuli kiko upande wa karibu na mlango, na ukuta wa mbali ndio unaong'aa. Sasa weka kando yake tonge ambalo hujalibonyeza. Hilo linang'aa upande wa mlango na kivuli chake kiko ng'ambo. Mmeona? Shimo na kilima vina mwanga na kivuli vilevile, ila vimebadilishana pande. Kama hujui mwanga umetoka wapi, huwezi kujua unaangalia nini. Na macho yetu, kwa kuwa yamezoea jua la juu, hudhani kila picha imeangazwa kutoka juu. Kwa hiyo, kabla hujapima chochote, tafuta jua liko wapi. Ukishalijua, kula tonge lako.

Lakini mimi sikuanzia Mirihi. Nilianzia kwenye miwa.

Kiwanda cha sukari kilichoniajiri nikiwa msichana sitakitaja. Kilikuwa na chumba cha ramani, na ndani ya chumba hicho alikuwa Mzee Makokha, aliyevaa kioo chake cha kukuzia shingoni kwa kamba ya kiatu. Ndege ndogo ya kukodi ilipita juu ya mashamba mara kwa mara ikipiga picha, nasi tulizitandaza mezani, ya zamani kushoto, mpya kulia, tukitafuta kilichobadilika. Hasa tulitafuta miwa iliyoungua.

Wa Shianda hawahitaji kuelezwa, lakini ninyi mnaotoka Chekalini, ambako ni mahindi tu, sikilizeni. Miwa ikiungua lazima ikatwe haraka kabla utamu haujaharibika. Basi shamba lililoungua huruka foleni ya kuvunwa. Na mkulima aliyechoka kungoja zamu yake, siku moja anaweza kuwasha kiberiti mwenyewe kisha akasema moto umetoka kwa jirani. Kiwanda kilijua mchezo huo. Ukishukiwa, zamu yako inafutwa kwanza, maswali baadaye.

Siku moja niliona doa jeusi juu ya shamba la mkulima mmoja aliyeitwa Baba Khaemba. Kwenye picha ya zamani halikuwepo, kwenye mpya lipo, jeusi tii. Nikaandika: imeungua. Sikumwonyesha mtu. Nilijiona nimeiva.

Siku ya nne, zamu ya Baba Khaemba ikiwa imeshafutwa, mlango wa chumba cha ramani ukafunguka, akaingia mwanamume mrefu mwenye gamubuti miguuni, mua mbichi begani, majani yake bado yanapepea.

"Mulembe," akasalimu. Tukaitikia. "Ni nani hapa ameniunguzia miwa?"

Kila mtu akainamia ramani yake.

"Nimezunguka ndani ya shamba hilo siku tatu nikitafuta majivu. Sijapata hata ya sigara. Nikasema labda macho yangu yamezeeka. Sasa nimekuja kuomba mwenye macho mazuri aje anionyeshe."

"Ni mimi, Baba," nikasema.

Akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Ni wewe unaonanga moto kutoka mbinguni?"

Akauvunja mua gotini, akanipa kipande. "Tafuna. Halafu uniambie kama inanuka moshi."

Nikatafuna mbele ya ofisi nzima. Ulikuwa mtamu, wa kijani, na maji yake yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Watu walikuwa wakiinamisha nyuso ili wasicheke.

"Haijaungua," nikasema.

"Andika."

Nikaandika. Mzee Makokha akangoja mgeni atoke ndipo akaivuta ile picha karibu. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. "Angalia kingo za doa lako," akasema. "Moto hukwama mahali. Hukwama barabarani, hukwama mtaroni. Hili limevuka barabara, limevuka mto, halafu limepanda juu ya paa la kanisa. Huo ni moto wa aina gani?"

Kilikuwa kivuli cha wingu.

Ndipo akanipa maswali matatu ambayo nimeyatumia maisha yangu yote. Ukiona doa kwenye picha, uliza kwanza kama ni la kamera. Kisha uliza kama ni la mwanga. Ukishayakana hayo mawili kwa ushahidi, si kwa kuchoka, ndipo uulize kama ni la ardhi.

Zamu ya Baba Khaemba ilirudishwa, lakini wakataji walikuwa wameshapita upande wake na matrekta yamehamia kwingine. Alingoja mwezi mzima zaidi, miwa ikizidi kukauka shambani. Kosa langu lilinichukua dakika moja, naye akalibeba mwezi mzima. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha, akanikaribisha chai, akanisamehe, lakini hakusahau. Mtaona.

Miaka ikapita. Chuo kikuu kimoja jijini kilikuwa kinatafuta mtu wa kulinganisha picha, mwenye subira na macho yaliyozoea. Nilidhani ni mashamba. Kwenye usaili Daktari Zaina, mwanamke wa Mumias anayezungumza taratibu kana kwamba anakuhesabia maneno, alinionyesha picha mbili za jangwa jekundu na kuniuliza nini kimebadilika. Nikamwonyesha. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema kwenye miwa. Akacheka mpaka akavua miwani. Mwezi uliofuata nilikuwa nimeketi mbele ya Mirihi.

Niwaeleze kamera zenyewe, maana ndizo zilizonipa usingizi mtamu miaka hiyo. Chombo kinachozunguka sayari kinaweza kubeba zaidi ya moja. Ya kwanza tunaita ya upana: inaona eneo kubwa mno, lakini bila undani, kama wewe ukisimama mlimani ukaiona Navakholo yote ila usimtambue mtu hata mmoja. Ya pili ni ya undani: inaona hadi jiwe la ukubwa wa meza, lakini ukanda mwembamba tu, kama kuchungulia kwa mrija. Na kamera ya aina hii haipigi picha yote kwa mara moja kama simu yenu. Inapiga mstari mmoja, chombo kinasogea, inapiga mwingine, kama mtu anayefagia uwanja. Kama ufagio una njiti moja iliyokatika, utaona alama ya mchirizi mrefu usiofagiliwa, sivyo? Hata kamera, kijicho chake kimoja kikifa, huacha mchirizi picha nzima. Anayeanza hudhani amegundua barabara.

Mimi sikugundua barabara. Mimi, wiki zangu za kwanza, niligundua kreta mpya nne kwa siku moja. Nikapiga kelele, Daktari akaja na kikombe chake mkononi.

"Hongera. Zote ziko pembe ya chini kulia?"

"Ndiyo."

"Kwenye sehemu nne tofauti za sayari?"

Nikaanza kuona aibu inakuja.

"Kreta yako inasafiri, Mama Nekesa. Naona imekata tikiti."

Ilikuwa chembe ya uchafu kwenye kamera ya upana, inayopiga picha yote kwa mara moja. Ikiwa alama inaifuata kamera kila inakokwenda, hiyo ni mali ya kamera. Swali la kwanza la Mzee Makokha, nami nililiruka! Tangu siku hiyo, kila nilipoita "Daktari, njoo uone," aliniuliza kwanza, "Ina tikiti?"

Mnaweza kuuliza kwa nini tunahangaika na mashimo. Fikirieni uteo wa mahindi ulioanikwa uani, manyunyu yakaanza. Mama akitoa uteo wa pili baadaye kidogo, utakuwa na matone machache kuliko wa kwanza. Ukihesabu matone, unajua upi umekaa nje muda mrefu. Sayari nazo zimeanikwa nje. Sehemu yenye kreta nyingi imekaa muda mrefu bila kufunikwa, sehemu yenye chache ni mpya zaidi. Tena kreta ni jembe la bure. Hatuna jembe Mirihi la kuchimba kila mahali, lakini jiwe likianguka linatuchimbia na kutuonyesha kilicho chini. Sharti ni moja tu: tufike mapema, kwa sababu vumbi la kule halilali. Linafunika.

Sasa niwape ile siku.

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nalinganisha picha za kamera ya upana za tambarare moja ya kaskazini, ya zamani kushoto, mpya kulia, vilevile kama kwenye meza ya Mzee Makokha. Kulia kulikuwa na doa jeusi. Dogo, kama nzi aliyetua. Jiwe likianguka kwenye vumbi jepesi, mshindo wake hupeperusha vumbi lile na kuacha weusi mkubwa kuliko shimo lenyewe, hivyo hata kamera isiyoweza kuliona shimo inaweza kuuona weusi. Ni shamba lililoungua, kabisa.

Sikuita mtu. Niliketi juu ya mikono yangu, nawaambia kweli, niliikalia ili nisipige simu. Nikauliza swali la kwanza. Picha nyingine za siku ileile hazikuwa na doa pembe ile. Si la kamera. La pili: nikatafuta picha nyingine ya mahali palepale, iliyopigwa siku chache baadaye jua likiwa pembe tofauti. Doa lipo, halijasogea. Wingu lingekuwa limeshaondoka. Si la mwanga. La tatu lilikuwa gumu. Upepo wa Mirihi nao huchora ardhi. Lakini kimbunga cha vumbi huacha mstari mrefu unaojipindapinda, na upepo wa kawaida huacha mkia upande mmoja. Doa langu lilitawanyika pande zote, kama tope ulilodondoshea jiwe.

Ndipo nikaenda kwa Daktari Zaina, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba.

Ili kuwa na uhakika tulihitaji kamera ya undani. Kila kikundi kiliruhusiwa kupendekeza sehemu chache tu za kupigwa, orodha ilifungwa Ijumaa, na sisi tulibakiwa na nafasi moja. Nafasi hiyo ilikuwa yake. Kwa miaka sita alikuwa anaisoma kreta moja kubwa ya kale, na alibakiza picha ya ukuta mmoja ili amalize utafiti wake. Kreta yake nayo ilikuwa kaskazini, na kaskazini kote majira ya baridi yalikuwa yanakaribia. Baada ya Ijumaa ile, tusingepata nafasi nyingine kabla jua halijashuka mno, na mwaka wa Mirihi ni karibu miaka yetu miwili.

Akalitazama doa kwa muda mrefu. "Ina tikiti?"

"Haina. Nimeangalia."

"Kivuli?"

"Nimeangalia mara mbili."

"Mama Nekesa, ukikosea hapa, nitasimama mbele ya wenzangu nieleze kwamba nimetupa miaka sita kwa ajili ya vumbi."

"Najua."

"Ingekuwa nafasi yako, ungeitoa?"

Nikamkumbuka Baba Khaemba na gamubuti zake. Nilijua jinsi mtu mwingine anavyobeba kosa lako. Hata hivyo nikasema, "Ningeitoa. Kreta yako ni ya kale, Daktari, itatungoja. Hii haitungoji. Tukirudi baada ya baridi, vumbi litakuwa limeshafunika, na kama kuna kitu chini hatutakijua kamwe."

Akaketi kwenye kiti changu, akarudia kila hatua niliyofuata, peke yake, bila kuniuliza neno. Ijumaa asubuhi nilipofika, nilikuta amefuta kreta yake kwenye orodha na kuandika vipimo vya doa langu.

Wiki tatu zilizofuata sikuwa mtu wa kuongea naye. Nilitia chumvi kwenye chai. Kisha picha ikaja, mchana wakati wa chakula, na kwa kuwa mtandao wa ofisi ulikuwa wa kusuasua, ilishuka kwenye skrini mstari kwa mstari, kana kwamba kamera inafagia mbele ya macho yetu. Vumbi. Vumbi. Mawe machache. Vumbi. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu. Kisha ikaanza ncha ya mstari mweusi, mwingine, mwingine, yote ikitoka mahali pamoja kama miale. Kisha ukingo mkali, mpya, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Kreta! Upana wake ungeweza kumeza trekta pamoja na tela lake la miwa.

Na ndani yake, katikati ya ule weusi wote, kulikuwa na weupe.

"Alhamdulillahi," akasema Daktari Zaina, akanishika bega mpaka likauma. Mimi nilipiga vigelegele. Walinzi walikuja kuuliza kama kuna harusi.

Barafu, vijana! Barafu safi iliyofichwa chini ya jangwa, tena si chini sana, na jiwe limeifukua. Hatukuwa wa kwanza duniani kuona jambo kama hilo, wala wa mwisho, lakini lile shimo lenyewe, lile, hakuna binadamu aliyewahi kuliona kabla yetu sisi wawili, na sahani zetu za chakula zikipoa mezani.

Tukajizuia kutangaza. Weupe pia ungeweza kuwa chumvi, au kamera kuzidiwa na mwanga. Wenye kamera, walipoona picha, waliliweka shimo letu kwenye orodha mara ya pili bila hata kuombwa. Chumvi hubaki, lakini barafu ikiwekwa wazi kule haiyeyuki kuwa maji, hupotea hewani moja kwa moja. Picha ya pili ilikuja siku za mwisho kabla ya baridi. Weupe ulikuwa umepungua na kufifia. Kamwe sijawahi kufurahi hivyo kwa sababu ya kitu kinachopotea.

Daktari Zaina alingoja majira yake. Karibu miaka miwili. Orodha ilipofunguliwa tena, ya kwanza kabisa ilikuwa kreta yake, na niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Nilipostaafu nilirudi Shianda na picha ile, imechapishwa vizuri kwenye karatasi ngumu. Nikaipeleka kwa Baba Khaemba, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo lakini miwa yake bado anaikagua mwenyewe. Nikamweleza yote: doa, vumbi, barafu, na kwamba mwalimu wenu ameniomba niwaandikie. Aliipeleka picha mlangoni penye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Hiki si kivuli cha wingu?"

"Si kivuli, Baba."

"Umehakikisha?"

"Tulipiga picha ya pili."

"Ya Mirihi uliingojea picha ya pili," akasema. "Mimi, mtu wa hapa Shianda, wa kufikiwa kwa miguu, hukuningojea hata siku moja."

Akaichukua picha akaitundika ukutani, juu chini, shimo likawa kilima chenye kilele cheupe, nami nikaamua kutosema kitu. Kisha akatoka nje polepole, akarudi na mua mmoja, wa kijani, majani yake bado yanapepea, akanikabidhi.

"Tafuna," akasema. "Halafu uwaandikie hao watoto wako wa Navakholo: haijaungua."